Gari la Aiskrimu Ambalo Rodney Hakuligeuza

Rodney Kaczala alipewa gari la aiskrimu la kuchezea siku ya Krismasi akiwa na miaka tisa, na mpaka anafikisha hamsini alikuwa hajaligusa.

Si kwamba halikumpendeza. Lilikaa ndani ya boksi lake, nyuma ya dirisha la nailoni, limegeuza ubavu wa kushoto kwa watazamaji, na Rodney aliupenda ubavu ule kuliko wanaume wengi wa mji wao wa Toledo, Marekani, wanavyowapenda wake zao. Ubavu wa kulia hakuwahi kuuona.

Baba yake ndiye aliyeanza. Mzee Kaczala alikuwa mmoja wa wale wanaume, na kila mtaa wanao, ambao utotoni walikusanya kadi za wachezaji wa besiboli, wakaenda jeshini, wakarudi na kukuta mama zao wamezitupa. Kila mmoja wao huapa kwamba kadi zile leo zingemnunulia nyumba kando ya ziwa. Hujawahi kukutana na aliyetupiwa kadi za ovyo. Basi asubuhi ile ya Krismasi, Rodney alipoanza kung'oa gundi ya boksi kwa ukucha, mzee akashusha kikombe cha kahawa.

"Usifungue, mwanangu. Hiyo ni mali."

Lorna, dada yake Rodney, alikuwa amepewa gari kama lile lile, kwa sababu mama yao alifanya kazi katika kiwanda kilichoyatengeneza na alileta mawili nyumbani. Yeye hakungoja ushauri wa mtu. Boksi lake lilikuwa limeshakuwa vipande chini ya mti wa Krismasi, na kufikia chakula cha mchana dereva wa gari, Kapteni Vanila, alikuwa amezama mara mbili kwenye supu ya bitiruti ya bibi yao na kuokolewa kwa uma.

Vichezeo vyenyewe viliitwa Kikosi cha Ngurumo. Lori la taka liligeuka kifaru, basi la shule likageuka ndege ya mabomu, na gari la aiskrimu, ambalo ndilo lililopendwa kuliko yote, lilitoa mabawa ubavuni na mzinga mdomoni. Watoto wa enzi ile walifundishwa hivyo: hakuna chombo cha amani kisicho na silaha chini ya kiti. Mambo yale yakadumu Krismasi mbili. Kisha watoto wakatamani kitu kingine, kampuni ikafunga kiwanda, ikahamia kusini na baadaye ng'ambo ya bahari, na mama yake Rodney akapewa mkono wa kwaheri na nyama ya nguruwe ya kopo.

Rodney alikua, akawa fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto, akaoa, akaachwa. Mkewe, Gloria, alipoondoka alisema angeelewa kama angeshindwa na mwanamke mwenzake, lakini yeye ameshindwa na kadibodi. Rodney aliliwaza neno hilo kwa muda, kisha akanunua kabati la kioo chenye kuzuia jua.

Kwa kabati hilo, na kupitia tarakilishi yake, akawa mtu mkubwa. Waliokuwa watoto wa Kikosi cha Ngurumo sasa walikuwa na vitambi, dawa za presha na chama, na Rodney alikuwa Rais wa chama. Walimwita hivyo, Rais, bila kucheka. Alijua tofauti ya buluu ya toleo la kwanza na ile ya toleo la pili. Mtu akithubutu kuandika kwamba bampa ya gari la aiskrimu ilivutwa kabla ya koni iliyo juu ya paa lake kubonyezwa, Rais alimrudi kwa aya tatu. Karatasi ya maelekezo aliijua kwa moyo kama wengine wanavyojua sala. Waliamini ameligeuza gari hilo mara elfu. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi pia kusema vinginevyo.

Hapo ndipo kampuni ilipogundua kwamba wale watoto wake wa zamani wana mishahara.

Tangazo lilitoka kwa muziki na moshi: Kikosi cha Ngurumo kinarudi! Boksi lile lile, picha ile ile, na maneno kwamba bidhaa ni ya watu wazima. Uzinduzi ungefanyika Toledo, mji wa kiwanda, kwa heshima ya historia. Kampuni iliyowafukuza mama zao ilikuwa inarudi kuwauzia watoto wao huzuni hiyo, imefungwa vizuri kwa nailoni, na watoto walishukuru mpaka wakatoa machozi. Mwanamke mmoja wa kampuni, Kirsten, alimpigia Rodney simu.

"Rais, tunakuhitaji wewe jukwaani. Utafungua boksi la kwanza, utaligeuza gari mbele ya watu wote. Nani mwingine anastahili?"

"Hakuna," alisema Rodney, kwa unyenyekevu.

Alipokata simu, alivitazama vidole vyake. Kujua maelekezo si kugeuza. Alikuwa ametazama video nyingi na alijua mikono ya wenzake ilivyocheza, lakini vidole vyake mwenyewe havikujua kitu, na watu wale walikuwa na macho ya mwewe. Rais akikwama kwenye koni mbele ya ukumbi mzima, jina lake limekwisha. Aliomba atumiwe gari moja mapema ajizoeze. Kirsten akasema ni siri mpaka siku yenyewe.

Jumapili akaenda kwa Lorna. Alimkuta jikoni akikaanga pierogi, vile vijisambusa vya viazi vya Kipolandi, kwa vitunguu, aproni ya kazini shingoni. Alikuwa mpishi wa shule na aliwasemesha wote kana kwamba wamepanga foleni na sahani.

"Lile gari lako bado unalo?"

"Lipi? Ah, lile. Lilivunjika, Rodney. Tulilirusha kutoka kwenye paa la gereji likapigane na mbwa wa jirani, kina Nowak. Mbwa alishinda." Aligeuza pierogi, kisha akamtazama. "Kwani vipi?"

Akamwambia. Lorna alizima jiko kwanza ili acheke vizuri.

"Subiri, subiri. Miaka yote hii? Rais mzima? We bwana ni kama padri anayefundisha mambo ya ndoa!"

"Dada, sikuja kuchekwa."

"Ulikuja kwa nani basi? Unanijua." Alifuta machozi kwa aproni, akainua mikono mitupu hewani, na bila kufikiri akabonyeza kitu kisichokuwepo, akavuta, akapindua kifundo cha mkono. "Taki, taki, tak. Ndivyo. Mikono haijasahau."

"Rudia polepole."

"Sijui polepole. Nikienda polepole nasahau." Alimsukumia sahani. "Fungua lako, ulichezee wiki nzima. Si ni lako?"

"Haliwezi kufunguliwa."

"Lina kifuniko, Rodney. Kila chenye kifuniko hufunguliwa."

Jioni hiyo aliliweka boksi mezani, akavaa glavu zake nyeupe, akachukua kisu cha kukatia karatasi. Akakisogeza mpaka kwenye gundi. Akasikia kikombe cha kahawa kikishushwa mezani, ingawa baba yake alikuwa amezikwa zamani. Akarudisha kisu kwenye droo na boksi kabatini.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa hoteli iliyo kando ya barabara kuu ulijaa wanaume waliovaa fulana za utotoni zilizoshonwa upya kwa saizi ya sasa. Walisalimiana kwa majina ya vita na kuulizana habari za magoti. Lorna alikaa nyuma na donati mbili. Taa zikazimwa, ngurumo ikapigwa kwenye spika, na Rodney akajikuta jukwaani mbele ya meza yenye boksi moja jipya.

"Rais!" walipaza sauti. "Ligeuze! Ligeuze!"

Akalishika. Akaugusa ukingo wa kifuniko, na kidole kikabaki pale pale. Kirsten, kando ya pazia, alitabasamu kwa meno bila macho. Rodney alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na kilichotoka kilikuwa sauti ya baba yake.

"Sifungui," alisema. "Hii ni mali. Shabiki wa kweli hafungui."

Mtu mmoja wa mbele, Gil, fundi bomba kutoka Fort Wayne, akasimama akipiga makofi huku analia. Wakasimama wote. Ukumbi mzima wa watu waliokuja kuona gari likigeuka uliruka na kushangilia kwamba halikugeuka. Kirsten alikimbilia kipaza sauti na kutangaza hapo hapo kwamba boksi zitauzwa na saini ya Rais juu ya gundi, ili atakayefungua aonekane. Foleni ikafika kwenye lifti.

Kabla hajaketi kusaini, simu yake ilitetemeka. Lorna aliandika: njoo maegeshoni sasa hivi.

Alimkuta ameegemea lori lake Rodney, boksi jipya limepasuliwa juu ya boneti, Kapteni Vanila amesimama kwenye waipa.

"Umefungua!"

"Nimenunua, nikafungua. Ndivyo watu hufanya na vitu. Sasa tazama." Alilishika gari, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye koni. Akabonyeza. Koni haikushuka. Akavuta bampa. Haikuja. "Ni kipande kimoja, Rodney. Mistari ya mabawa imechorwa. Halina kitu ndani. Ni sabuni yenye magurudumu."

Rodney alilipokea. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kushika gari la aiskrimu kwa mikono mitupu, na lilikuwa zito na bubu. Chini kabisa ya boksi, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, waliandika kwamba ni la maonyesho tu.

"Nenda kawaambie," alisema Lorna.

"Wataniuliza nimejuaje. Niseme nimefungua?"

"Sema mimi nimefungua."

"Wewe si mwanachama."

Lorna alimtazama kama anavyomtazama mtoto anayerudisha sahani ya mboga. "Mama alikuwa akirudi vidole vimevimba kwa kubana springi za vitu hivi. Vilikuwa vinageuka, Rodney. Alihakikisha." Akaondoka na donati iliyobaki.

Rodney akarudi ndani, akamvuta Kirsten kando.

"Hazigeuki."

"Ya jukwaani inageuka," alisema Kirsten, bila kushtuka. "Tulitengeneza hiyo moja, kwa ajili yako. Hizi nyingine, sasa, nani atazifungua? Umesema mwenyewe, Rais. Kwa ufasaha kuliko idara yetu nzima ya matangazo." Akampa kalamu.

Akaketi. Akasaini. Wanaume walipita mmoja mmoja, wakibeba boksi zao kama watoto wa ubatizo. Gil wa Fort Wayne alipofika aliinama na kunong'ona.

"Rais, kati yetu tu. Wewe umeshalijaribu, sivyo? Linageuka vizuri kama la zamani?"

Rodney aliona macho yake, mekundu bado kwa kulia. Hapo alikuwa na nafasi, na sentensi moja ingetosha.

"Usifungue," alimwambia, na kusaini.

Akaendesha kurudi nyumbani na lile gari bubu mapajani. Kila taa nyekundu alibonyeza koni kwa kidole gumba, kwa nguvu zaidi, kana kwamba huenda Lorna alikosea. Kwenye taa ya mwisho wenye magari walimpigia honi. Koni ikakatika na kubaki mkononi mwake.

Nyumbani hakuvaa glavu. Alifungua kabati, akatoa boksi la baba yake, akakata gundi kabla mtu yeyote hajashusha kikombe. Kadibodi ilitoa harufu ya vumbi na kiwanda, harufu ambayo zamani ilikuwa kwenye sweta ya mama yake. Akalivuta gari nje na kuligeuza. Ubavu wa kulia ulikuwa na stika ya bei za aiskrimu, imebandikwa kombo kidogo, na mtu mwenye haraka. Angeiona kwa mwenzake angeandika aya tatu. Akabonyeza koni. Ndani, kitu kikajibu kwa kusukuma nyuma, kisha kikakwama.

Akampigia simu Lorna.

"Dada. Kidole gumba kinakaa mbele au nyuma ya koni?"

Ikasikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini. "Umefungua?"

"Mbele au nyuma?"

"Nyuma. Bonyeza, usiachie, vuta bampa kwa mkono mwingine. Usivute kama fundi, vuta kama mtoto."

Tak. Mabawa yakatoka, moja kwa kusitasita. Mzinga ukajitokeza mdomoni mwa gari la aiskrimu na kumwelekea Rodney kifuani. Hata Lorna aliisikia ile sauti kwenye simu.

"Na wale watu wako?" aliuliza.

"Kesho nawaambia wote. Gil nitampigia mwenyewe, wa kwanza."

"Watakufukuza."

"Najua," alisema Rodney. "Sasa ili liwe gari tena, naanzia wapi?"