Semina ya Mafuriko Niliyohudhuria Kitandani

Msinicheke sana, bado nimechoka. Sisi wenye vibanda vya nafaka hapa Siakago tuliitwa semina Embu, ya kujitayarisha kabla mvua kubwa haijafika. Wenzangu wakanichagua niwawakilishe, eti nilimaliza fomu foo na naandika haraka. Lakini mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Siku hiyo nililala, nikanywa chai, nikalala tena.

Asubuhi yake Mama Wawira, jirani yangu wa kibanda, akaniuliza, "Haya mwalimu, walisema nini?"

Ningesema nini? "Magunia yote yapande juu ya mawe. Na tuchimbe mtaro huko nyuma."

Wakaniamini. Tukabeba magunia ya ndengu na kuchimba mpaka saa tisa, na mimi pia, maana mwalimu haketi. Mgongo ulinilaani.

Ndipo akaja afisa wa kaunti, mama mmoja mpole. "Poleni kwa jana. Hatukuwaambia semina imeahirishwa. Itakuwa kesho. Mlimchagua nani?"

Mama Wawira akatua gunia polepole, akanitazama.

"Ni huyu," akasema. "Lakini yeye alishaenda."