Picha Moja ya Sikukuu

Leo nimefungua boksi la viatu vya binti yangu, na harufu ya raba mpya ikanirudisha kwenye bustani ya mjini, kando ya ziwa. Ilikuwa sikukuu. Nilitoka nyumbani Mkolani na mama, viatu vipya vinanibana vidole lakini narukaruka tu. Maji yalimeta, watoto walikimbizana kwenye majani, nami nilitaka kila kitu kwa mpigo!

"Tulia, tazama hapa," alisema mpiga picha. Pesa yetu ilitosha picha moja tu. Mama akakaza uso, kama walivyofanya watu wazima wote mbele ya kamera.

Mara nyuma ya mpiga picha akapita bibi mmoja. Kwetu msichana hamwamkii mkubwa akiwa wima, kwa hiyo nikapiga magoti palepale na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kamera ikalia.

"Turudie," alisema mpiga picha, amekasirika.

"Iache hivyo hivyo," mama alimjibu, huku akifuta machozi ya kicheko.

Pichani naonekana utosi tu, chini kabisa. Juu yangu mama anacheka, meno yote nje. Sina picha nyingine ya mama akicheka.