Umwishwa wa Mama Mkwe

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa shemeji zangu. Nilipokwenda ukweni Kaniha, nilitaka nionekane mchapakazi. Nikaung'oa kwa mikono umwishwa wote, mmea utambaao wenye harufu kali, uliokuwa umefunika ua wa mama mkwe.

Mchana bibi jirani akaja na mjukuu aliyejaa upele, kuomba majani ya kumwogeshea. Mama mkwe akautazama ua mtupu.

"Mbuzi wameumaliza," akasema taratibu. "Na watoto wangu wote niliwaogeshea huo."

Kosa langu nikawaachia mbuzi.

Bibi alipokuwa akiondoka, nikakumbuka sijamwamkia, nikampa mkono. "Shikamoo."

Akaushika, akauinua hadi puani, akaunusa.

"Marahaba, mkwe," akasema. "Majani umeyatupa wapi?"