Mbwa Aliyenyonya kwa Mbuzi

Katika boma la Eleuteria Soraire, ndani ya msitu wa miiba wa Chaco, mbwa mlinzi hakuruhusiwa kupapaswa. Hilo lilikuwa sharti la baba yake, na la babu yake kabla ya baba. Mtoto wa mbwa hutolewa kwa mama yake siku ya tatu, macho bado yamefumba, na kuwekwa chini ya mbuzi aliyefiwa na mwanawe. Atanyonya hapo, atalala zizini, atakula zizini. Ukimshika kichwa, ukamwita kwa sauti tamu, atakupenda wewe, na siku puma, yule paka mkubwa wa mwituni, akija, yeye atakuwa mlangoni pako akitikisa mkia huku mbuzi wanaliwa. Kwa hiyo anaachwa aamini kwamba yeye ni mbuzi mwenye meno makubwa kidogo.

Ndivyo alivyolelewa Tizón, mbwa mweusi mwenye kifua kama kinu. Mbuzi aliyemnyonyesha aliitwa Paloma. Mwaka uliofuata Paloma alizaa mtoto wa kike mwekundu, mwenye doa jeupe la mviringo ubavuni, na Eleuteria akamwita Luna, yaani mwezi. Luna na Tizón walikuwa ndugu wa ziwa moja, na walikwenda pamoja hivyo, bega kwa bega, kila asubuhi kundi lilipoingia msituni bila mchungaji, na kila alasiri liliporudi kunywa maji.

Eleuteria alikuwa na miaka sitini na moja. Mume alikwisha kufa, na binti yake Nélida alikuwa mjini akifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Watu walimstahi kwa mambo mawili. Kwanza, alikuwa akisoma nyayo kama wengine wanavyosoma barua. Baba yake alikuwa mwindaji wa jagwa, mnyama mfano wa chui, siku zile walipokuwa bado wengi, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumfundisha, kwa hiyo alimfundisha yeye. Pili, hakutega mtego. Palikuwa na puma jike ambaye kwa miaka kumi na mitano alizunguka msitu uleule. Kila kiangazi alichukua mbuzi mmoja, pengine wawili, kila mara wale waliojitenga na kundi. Eleuteria aliikuta mizoga imefunikwa majani na vijiti kama afanyavyo puma, akaitazama, akaenda zake.

"Huyu yuko kwake," aliwaambia majirani waliomcheka. "Mimi ndiye niliyekuja na mbuzi."

Kisha macho yakamwingia ukungu. Mtoto wa jicho alianzia jicho la kushoto, akahamia la kulia, na ndani ya miaka miwili mwanamke aliyesoma nyayo hakuweza kutofautisha kwato na jani. Ndipo alipoanza kusoma kwa macho ya Rosendo Argañaraz.

Rosendo alikaa mwendo wa saa moja kwa mguu, upande wa mto mkavu. Alikuwa amemshika Nélida siku ya ubatizo, na katika nchi ile jambo hilo linafunga watu kuliko damu. Tangu siku hiyo wanaitana kompadre na komadre, hawagombani mbele za watu, hawanyimani maji. Hata padri hawezi kulifungua fundo hilo. Rosendo alikuwa mtu wa maneno mengi na kazi chache, lakini alikuja kila juma, akapita naye msituni, akamweleza alichokiona chini.

Mwaka ule mbuzi walianza kupotea. Mmoja, wa pili, hata wakafika watano kabla mvua hazijaanza.

"Puma wako amezeeka, komadre," Rosendo alisema. "Anaona taabu kufukuza nguruwe mwitu, anajichagulia kwako kama mtu aliye sokoni."

"Hachukui watano kabla ya mvua."

"Basi kamuulize mwenyewe. Mimi nakwambia nilichoona: nyayo zake, pana kama kiganja."

Eleuteria aliinama, akagusa udongo kwa vidole. Angesemaje? Hakuwa na macho.

Alasiri moja kundi lilirudi bila Luna. Tizón alikuja wa mwisho, akihema. Eleuteria alipopitisha vidole kwenye mdomo wake, kumkagua tu, si kumpapasa, vikanata. Alivinusa. Ilikuwa damu.

Kesho yake asubuhi Rosendo alipiga makofi langoni, kama ilivyo desturi kabla ya kuingia boma la mtu. Alikuwa anachechemea.

"Nini tena mguuni?"

"Seng'enge, komadre. Ule waya wa zamani kule mtoni. Umening'ata kama mama mkwe."

Eleuteria akamkalisha, akachemsha majani ya dawa, akakiosha kidonda kwa kitambaa na kwa mikono yake mwenyewe. Alivihisi vitundu, akasikitika, akamfunga kwa shuka safi aliyoichana. Rosendo alishukuru sana. Kisha akashusha sauti.

"Komadre, sikutaka kukwambia. Nimepata mabaki ya Luna."

Walikwenda polepole, Eleuteria akimshika Rosendo mkono wa shati. Chini ya mti wa kebracho palikuwa na matumbo na miguu miwili. Eleuteria alipiga magoti, akagusagusa.

"Ngozi iko wapi?"

"Imeraruliwa vipandevipande. Imetapakaa. Komadre, wewe ndiye uliyenifundisha: puma hufunika alichoua. Hapa hapakufunikwa hata kwa jani moja. Na nyayo zilizozunguka hapa ni za mbwa."

"Mbwa gani?"

"Kuna mbwa mwingine huku?"

Hakuna sheria iliyo kali msituni kama hii. Mbwa mlinzi akishaonja mbuzi hafai tena kuishi, wala hapewi mtu mwingine, kwa sababu atawafundisha wenzake. Na anayemuua ni yule aliyemtoa kwa mama yake.

"Niachie mimi, komadre," Rosendo alisema. "Nitampeleka mbali. Hutasikia kitu."

"Hapana. Nilimleta mimi."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali. Alimfunga Tizón kwenye mti wa algarobo nyuma ya zizi, akaleta gobore la baba yake. Kwa kuwa hakuona vizuri, ilimbidi atafute kwa mkono mahali pa kuweka mtutu. Akauweka mkono juu ya kichwa cha mbwa, kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Tizón hakujua maana ya mkono ule. Alisimama kimya kabisa, kisha akakisukuma kichwa juu, kidogo, kwenye kiganja.

Eleuteria akafyatua.

Watu waaminifu wana kosa lao, na hilo ndilo alilolifanya: alidhani kwamba kiapo humsafisha mtu macho na ulimi. Angemsikia mgeni akisema maneno yale, angesubiri. Angemwita jirani wa pili aje atazame. Lakini aliyesema alikuwa kompadre wake, na kumtilia shaka kompadre kulionekana kwake kuwa dhambi kubwa kuliko kuua haraka.

Hasara haikuishia hapo. Puma jike alikuwa na watoto wawili mwaka ule, na aligundua upesi kwamba zile kelele za mbwa mweusi zilizomzuia zimekoma. Siku moja, mchana kweupe, aliwafundisha wanawe kuua katikati ya kundi. Mbuzi tisa walilala chini, na mmoja tu ndiye aliyefunikwa majani. Majirani walikuja na mitego. Rosendo naye akaja.

"Nikuletee mbwa wa kuwinda, komadre? Kesho tu tunammaliza, na watoto wake."

"Kosa lake lipi? Mimi ndiye niliyemwondoa mlinzi."

"Utabaki na zizi tupu, na puma mnene."

"Nitabaki nalo."

Miezi ile alikwenda kwa Rosendo mara nyingi, kwa sababu upweke ulimlemea. Rosendo alimkaribisha vizuri. Alimkalisha kwenye kigoda chenye ngozi laini, akamtilia yerba, chai chungu ya huko, katika kibuyu, wakapokezana mrija, wakazungumza habari za Nélida. Alitoka hapo moyo umepoa.

Mwezi wa nane Nélida alikuja kumchukua mama yake. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya mji kwa majuma mawili. Wakamfungua jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Alipotolewa bandeji aliangalia mikono yake mwenyewe, akashangaa jinsi ilivyozeeka. Kisha akacheka, na Nélida akalia.

Siku ya tatu baada ya kurudi bomani alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akaenda peke yake kwa Rosendo ili huyo awe wa kwanza kuonyeshwa macho yaliyopona. Njiani alisoma kila kitu: kwato za nguruwe mwitu, mburuzo wa nyoka, na kwenye tope la dimbwi, nyayo za puma na za wanawe wawili zikipishana kama watoto watokao shule. Alipiga makofi langoni.

"Nani huyo?"

"Mimi. Leo usije kunishika mkono, naiona njia."

Rosendo alitoka, akafungua mikono. "Lo! Komadre amerudi msichana! Sasa sura yangu hii nitaificha wapi?"

"Sura yako naijua tangu zamani. Mtoto wa jicho alinipumzisha nayo kidogo tu."

Walicheka wote wawili. Rosendo akaenda jikoni kuchemsha maji. "Kaa, komadre, kaa mahali pako!"

Eleuteria akageukia kigoda chake. Ngozi iliyokuwa juu yake ilikuwa nyekundu, na katikati, mahali alipokuwa akikalia, palikuwa na doa jeupe la mviringo.

Hakukaa. Aliweka mkate chini, akaiinua ngozi, akaigeuza. Haikuraruliwa popote. Shingoni palikatwa kwa kisu, mstari mmoja ulionyooka. Masikio, ambayo ndiyo yenye alama ya mwenye mbuzi, yalikuwa yameondolewa. Alikuwa ameikalia miezi mitano. Ameikalia, akacheka, akanywa.

Rosendo alirudi na kibuyu mkononi, mvuke ukipanda. "Mbona umesimama?"

"Nikae wapi? Juu ya Luna?"

"Ngozi ni ngozi, komadre. Mbuzi wenye madoa ni wengi."

"Masikio yake yako wapi?"

Rosendo akarudi nyuma hatua moja.

"Pandisha suruali."

"Nini?"

"Mguu wa kulia. Ule nilioufunga kwa shuka yangu. Pandisha nione seng'enge yenye meno manne."

Hakuipandisha. Na kwa kuwa hakuipandisha, Eleuteria aliyaelewa yote kwa pamoja: damu iliyonata vidoleni ilikuwa ya nani, kwa nini mbwa alirudi akihema, na kwa nini ilibidi afe. Tizón alikuwa amemuuma mwizi. Kisha mwizi akaja kutibiwa, akamshitaki.

Rosendo aliona hakuna pa kutokea, akageuka mkali, kama wafanyavyo watu wa aina yake.

"Haya! Nilikula. Sita tu! Puma anakula kwako miaka kumi na mitano, hujamtegea hata kamba. Unamsifu! Mimi mwenzako, niliyembeba mwanao kanisani, nikila sita unanitolea macho? Mimi ni mdogo kuliko mnyama?"

"Ungeniomba," alisema Eleuteria. "Puma hana mdomo wa kuomba. Wewe unao. Ungesimama langoni, ungepiga makofi, ungesema komadre nina njaa. Ningekunyima?"

Rosendo akaanza kupuliza mvuke wa kibuyu.

"Sema. Ningekunyima?"

"Usingeninyima."

"Na puma hajanituma kumuua mbwa wangu. Alikiinua kichwa, Rosendo. Alidhani nampenda."

"Yule alikuwa mbwa tu, komadre. Yaishe. Tumetoka mbali." Akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Kunywa. Maji yatapoa."

Huko, mtu anayepokezana yerba hasemi asante mpaka ametosheka, maana neno hilo ndilo linalomwambia mwenyeji asimtilie tena. Eleuteria hakukipokea kibuyu. Aliikunja ngozi, akaiweka kwapani.

"Asante, bwana Argañaraz," akasema.

Rosendo alipauka usoni. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuitwa hivyo na mdomo ule. Alimfuata hadi langoni akiita komadre, komadre, na mwanamke akaendelea kutembea kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Wapo waliomwambia aende polisi. Hakwenda. Lakini kila aliyemuuliza habari za kompadre wake alimjibu kwamba hana kompadre, na akamweleza sababu yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe, ya gobore na ya mkono. Wengi walimshauri aiache sehemu hiyo ya mwisho. Hakuiacha hata mara moja.

Ngozi aliizika chini ya mti wa algarobo, alipozikwa Tizón. Mwezi wa kumi jirani wa upande wa kaskazini alimpa mtoto wa mbwa wa siku tatu, macho yamefumba. Paloma, mzee sasa, alikuwa amezaa mtoto mfu. Eleuteria alimweka mbwa mdogo chini yake, akaangalia hadi aliposhika chuchu. Kila asubuhi aliingia zizini kumtazama akikua. Alisimama karibu naye, mikono ameishikanisha nyuma ya mgongo, kwa nguvu, mpaka mbuzi walipotoka.