Kopa Nne na Kichwa cha Mbuta

Poka, ule mchezo wa karata wa kubahatisha na kutishana, pale ufuoni Dunga niliileta mimi, kwa hivyo mniache kwanza nikasirike. Jumamosi tulicheza kwa vifuniko vya soda, na mshindi angekula kichwa cha samaki, mbuta mkubwa. Tukabaki wawili, karata moja ya mezani, zile tunazotumia sote, haijafunguliwa. Mimi nina wafalme wawili. Mama anayetukaangia samaki akasukuma vifuniko vyake vyote katikati kwa mkono mmoja, huku ule mwingine ukigeuza samaki.

"Mama, umeshapata karata tano za kopa?" Hizo zingewapiga wafalme wangu.

"Lipa uone, mwalimu."

Nikamkodolea macho. Hakupepesa. Nikatupa wafalme wangu, nikajitoa, kichwa kikawa chake.

Akafunua karata zake: ukijumlisha na za mezani, kopa ni nne tu!

"Mama, umenidanganya!"

"Ai, Baba, nusu tu. Ukikimbia, nakula. Ukikaa, pengine kopa ya tano inakuja, bado nakula. Si ulinifundisha wewe?"

Kwa hasira nikaifungua ile karata ya mwisho. Shupaza, si kopa! Wafalme wangu wangeshinda.

Akanipa mkia, akanyonya jicho la mbuta polepole, akinitazama. Wanaume wa Bondo wameniomba nikawafundishe pia. Nitaenda, lakini watapata nusu ya somo.