Barua Saba za Yaya

Kwa miaka minne nilimhudumia mzee mmoja wa Kiingereza, kusini mwa London, upande wa Peckham. Mimi ni kea, yaani kazi yangu ni kuwaangalia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa chai na dawa, halafu mbio kwa mwingine. Nakaa Kilburn, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikilivuka jiji zima. Wenzangu waliniambia niombe wateja wa karibu na kwangu. Nikawa nasema nitaomba, na sikuomba.

Sababu ilianza siku ya tatu. Nilimmwagia maji begani, akashtuka, nami ikanitoka, "Pole, baba." Neno kama hilo halingoji kufikiriwa. Mzee akanitazama, kisha akasema kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyeamshwa usingizini:

"Maji moto."

Mimi ni mtu wa Tanga. Kumbe naye alizaliwa huko huko, baba yake akisimamia shamba la mkonge. Alipofika miaka saba walimpandisha meli kuja shule ya bweni Uingereza, na hakurudi tena. Kiswahili chake kiliishia hapo. Alikuwa na "tulia", "njoo ule", "usiogope" na mengine machache. Chote kilikuwa Kiswahili cha kuambiwa, si cha kusema. Alikipata kwa yaya wake. Sura ya yaya alishaisahau, lakini vidole vyake alivikumbuka, jinsi vilivyokuwa vikichambua miiba ya samaki kabla ya kumtia tonge mdomoni. Aliniambia kwamba siku ya kuondoka yaya hakuonekana bandarini, na kwamba tangu siku ile hakupata habari zake. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka uliopita.

Mwaka wa tatu, mpwa wake alikuja kusafisha dari ya nyumba akateremsha sanduku la karatasi za marehemu mama wa mzee. Mpwa alitaka kulitupa. Mzee akakataa, akaniomba niliweke mezani, na kila asubuhi, chai ikipoa, tukawa tunatoa kitu kimoja kimoja: simu za maandishi, picha za watu waliovaa kofia, orodha ya vyakula vya melini, ripoti za shule. Chini kabisa kulikuwa na bahasha saba zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. Zote zilikuwa zimefunguliwa kwa kisu, taratibu, bila kuchanwa.

Mzee alinipa moja akasema ni Kiarabu, hajui mama yake alikuwa akiandikiana na Mwarabu gani. Nikaikunjua. Herufi zilikuwa za Kiarabu kweli, lakini midomo yangu ilikwisha kuanza kusoma kabla sijaamua: "Ama baada ya salamu, mwanangu, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, sijui wewe."

Bibi yangu aliandika hivyo hivyo. Hakukanyaga shule, alichojua alikipata chuo cha Kurani, kwenye juzuu, na kwa herufi zile zile akaandika Kiswahili chake maisha yote. Macho yake yalipokwisha ndimi niliyekuwa nikimsomea barua za dada yake. Herufi moja inabeba b, p na mb, nyingine inabeba f na v. Usipokuwa na Kiswahili unaweza kuitamka barua nzima kwa sauti nzuri usiambulie kitu. Nilidhani elimu ile nimeizika naye.

"Si Kiarabu," nilimwambia mzee. "Ni barua yako. Imetoka kwa yaya."

Akauliza yaya gani. Nikamwambia wako, wa Tanga. Akaweka kikombe chini, akazihesabu bahasha zote saba, nami nilikuwa nimechelewa kwa mteja wangu wa pili.

Tulizisoma kwa wiki mbili, maana nusu saa ya zamu haitoshi. Nilikuwa nasoma kwa Kiswahili kwanza, kama alivyotaka mwenyewe, halafu namfasiria. Katika barua ya kwanza yaya alieleza kwamba hakuja bandarini kwa sababu mama wa mtoto alimkataza, asije mtoto akalia mbele ya watu. Alisimama nyuma ya bohari akaiona meli ikitoka. Aliuliza huko aliko nani anamtolea miiba. Katika ya pili alisema mbwa alilala mlangoni pa chumba cha mtoto siku tatu, akitupiwa chakula hali. Katika ya tatu alisema amehama kwa mabwana, na akaandika jina lake, jina la baba yake na mtaa anakokaa, ili apate kuandikiwa. Zilizofuata zilikuwa fupi. Amepata mtoto wa kike. Mtoto amefariki. Mvua imekuwa nyingi. Ya saba ilikuwa mistari minne tu: "Nasikia huko mnafunzwa kuandika. Sitaki maneno mengi. Niandikie japo jina lako, nione mkono wako, nijue umekua."

Mzee aliniomba niirudie. Nikairudia. Akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Miaka yote hii nilidhani alinisahau."

Nikamuuliza kwa nini mama yake aliziweka bila kumpa. Alisema hajui. Pengine alimwonea wivu yule mwanamke, pengine alisubiri apatikane mtu wa kuzisoma, kisha akaona haya kwa kuchelewa. "Hakuzichoma," alisema, na sikumwuliza tena.

Siku hiyo niliporudi Kilburn sikuweza kula. Mimi mwenyewe nilipokuja nchi hii nilimwacha binti yangu kwa mama yangu Tanga, ana miaka minne. Nilimwambia naenda sokoni. Ilipita miaka saba ndipo karatasi zangu zikakamilika nikamleta. Kwa miaka saba nilikuwa nikinunua kadi za simu kwa Muhindi wa pale barabarani, nampigia kila Jumapili, na kila Jumapili nampa moyo kwamba mwezi ujao. Alipofika uwanja wa ndege alinipa mkono kama anavyosalimiwa mwalimu. Kiswahili anakisikia chote, lakini hunijibu Kiingereza hadi leo, na sokoni kule hatujawahi kukutaja.

Asubuhi iliyofuata mzee aliniuliza kama naweza kuandika jina lake kwa herufi zile. Nikaliandika kubwa, kwenye karatasi ya kawaida. Akataka penseli. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka hata kijiko kilimshinda, lakini alilinakili jina lile mara kumi na moja, kuanzia kulia kwenda kushoto kama nilivyomwonyesha, mpaka likasomeka. Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye bahasha ya saba, akafunga kamba.

Alifariki majira ya baridi, hospitalini, wiki ambayo mimi nilikuwa likizo. Wakala wanaotupangia kazi walinitumia ujumbe kuwa zamu ile imeondolewa. Nyumba ikauzwa. Sikuwa na picha hata moja ya barua zile, maana kanuni zinatukataza kupiga picha vitu vya wateja, nami kanuni nilizifuata. Maneno nilikuwa nayo kichwani, lakini yakaanza kunipotea moja moja. Nikiwa kwenye basi najikuta najiuliza, alisema mbwa siku tatu au siku nne?

Baada ya miezi mingi nilijikaza nikampigia mpwa. Alinijibu vizuri. Alisema hakuwa na moyo wa kutupa, hivyo sanduku zima alilipeleka kwenye hifadhi ya nyaraka ya huko huko kusini, na mtu yeyote anaweza kwenda kusoma.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilivaa gauni zuri, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kupeleka posa. Mhifadhi, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, alinionyesha pa kuacha mkoba na koti, akaninyang'anya kalamu akanipa penseli, kisha akaniletea jalada na kulilaza juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga. Juu yake palikuwa na karatasi ya maelezo. Iliandikwa: barua saba za Kiarabu, mwandishi hajulikani, pamoja na ukurasa mmoja wa mazoezi ya kuandika.

Nilizisoma zote. Mbwa alikaa siku tatu. Nilipofika ya saba nikashindwa kuvumilia, nikamwendea mhifadhi pale mezani kwake. Nilimwambia kwa upole kwamba si Kiarabu, ni Kiswahili, na kwamba mwandishi anajulikana, amejitaja mwenyewe katika barua ya tatu. Nikalitaja jina. Akaniomba nilitaje tena polepole, akaliandika, akanionyesha kama amelipatia. Kisha akauliza kuhusu ule ukurasa wa mazoezi.

"Si mazoezi," nilimwambia. "Hilo ndilo jibu."

Alivaa miwani. Akaniuliza nimejuaje, nami nikamweleza niliyoyaeleza hapa. Baada ya wiki mbili alinitumia maelezo mapya niyahakiki. Jina la yaya lilikuwa la kwanza, kabla ya jina la mama mwenye sanduku.

Nilimtuma kaka yangu Tanga akaulizie mtaa ule. Alizunguka siku nzima, misikitini na kwa watu wazima. Mtaa upo, nyumba zilishajengwa upya, na jina lile halimkumbushi mtu yeyote. Mtoto alikufa, kwa hiyo wajukuu hakuna. Kaka alisema labda alihama. Nilimshukuru, na nilipokata simu nilikaa na simu mkononi, nikimtamani mtu ambaye sikuwahi kumwona, asiyekuwa ndugu yangu.

Mwezi uliopita nilimwambia binti yangu nataka kumpeleka mahali. Alidhani ni hospitali. Tulikaa bega kwa bega kwenye kile chumba, nikamsomea barua kwa sauti ya chini, mhifadhi akijifanya hasikii. Sikumfasiria, na hakuniomba nimfasirie. Nilipofika pale yaya aliposimama nyuma ya bohari, niliacha kusoma. Nikamwambia kwamba siku ile sikwenda sokoni. Nikamwambia nilikaa ndani ya teksi pembeni ya nyumba ya mama, dereva akinihimiza, hadi nilipomsikia yeye akiniita uani, ndipo nikamwambia dereva aondoe gari.

Binti yangu aliangalia karatasi, hakuniangalia mimi. Ana miaka thelathini sasa. Alisema, kwa Kiswahili, kikitoka kwa shida kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa:

"Nilikuona, mama. Nilipanda juu ya ndoo."

Kisha akaweka kidole pembeni ya mstari, bila kuugusa, akaniambia niendelee kusoma.