Chumba cha Kuwapimia Akina Mama

Nakumbuka asubuhi Sista Agnesi alipoingia kwenye zahanati yetu na sanduku la bati mkononi. Mwanangu, hadi leo natamani angekuwepo mtu mwingine kwenye zamu siku ile, asinikute mimi.

Zahanati ilikuwa mitaa miwili nyuma ya soko la Kariakoo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, miaka ya kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa muuguzi msichana, nimetoka Masasi na cheti changu kipya, nguo nyeupe nimeipiga pasi mpaka inakata. Nilijiona najua kila kitu. Ukinitazama sasa na fimbo yangu hii huwezi kuamini, lakini nilikuwa na maringo.

Sista Agnesi alikuwa muuguzi mkubwa, mama wa makamo, kazi yake kuzungukia zahanati za mjini. Alifungua sanduku akatutolea vyombo vya chuma vyenye umbo la mdomo wa bata, vya kumtazamia mwanamke ndani.

"Kule hospitali kubwa, Upanga, tunapokea wanawake wanaokuja kufa," alisema. "Kansa ya shingo ya kizazi. Na kila mmoja ukimuuliza, alipita kwanza kwenye zahanati kama hii, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa nenda nyumbani."

Alikaa nasi siku tatu. Alitufundisha nani wa kumtazama: anayetokwa damu wakati hedhi ilishakoma, anayetokwa damu akikutana na mumewe, anayetoa maji yenye harufu. Na hata asiyeumwa, kama ameshazaa na umri umesogea, mwombe kwa adabu umtazame. Ukiona kidonda usingoje, mwandikie barua aende Upanga. Tukasafisha chumba cha nyuma, tukaweka kitanda, pazia, taa, na sufuria la kuchemshia vyombo. Alipoondoka alinikabidhi mimi ufunguo.

"Sofia, chumba hiki kisifanye kazi nyingine yoyote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

Tulianza vizuri. Wiki za mwanzo nilimtazama kila aliyekubali, na wawili nikawapeleka Upanga. Kisha ikaja masika. Bwana Mshamu, msimamizi wa duka la ushirika la mtaa wetu, akaja kwangu analalamika kuwa bohari yake inavuja. Aliomba kuweka magunia ya sukari na makasha ya sabuni kwenye chumba cha nyuma, wiki mbili tu. Nikampa ufunguo. Sitakudanganya, mwanangu, hakunilazimisha mtu. Tangu siku hiyo sikupanga foleni tena. Sukari nilipata, sabuni nilipata, na doti ya khanga nikaletewa mpaka mlangoni. Mganga wa zahanati alikuwa na wagonjwa wa malaria wamejaa mpaka barazani, hakuwa na nafasi ya kuuliza habari za chumba. Masika yakaisha, magunia yakabaki. Yakitoka haya yanaingia mengine.

Sasa nikwambie habari za Bi Tatu. Huyu alikuwa mama mwenye nyumba wangu, mtaa wa Mchafukoge. Alikuwa mjane, na alikaanga samaki kwenye soko la Feri kila siku ya Mungu. Nilipofika Dar es Salaam na begi moja, simjui mtu, ndiye aliyenipa chumba. Kila jioni aliniletea kipande cha samaki, changu, kimefunikwa na sahani. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, lakini Ramadhani nilifuturu kwake, na Krismasi alinipikia pilau. Nilimwita mama.

Siku moja nikamwona kwenye benchi la zahanati, kajibana katikati ya wanawake wenye watoto.

"Shikamoo, mama. Kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu." Aliinama karibu na sikio langu. "Naona damu. Na mimi niliacha kuona siku nyingi, wewe bado mtoto."

Nilijua la kufanya. Lakini nilitazama mlango wa chumba cha nyuma, nikawaza magunia yale, nani atayatoa, na Bwana Mshamu atanuna. Nikamwambia ni uchovu wa moto wa Feri. Nikampa vidonge vya kuongeza damu. Vilevile, mwanangu, kama Sista Agnesi alivyosema.

Baada ya mwezi alirudi. "Si uliniambia mna chumba cha kuwatazama wanawake?"

"Kimejaa vitu, mama. Subiri kidogo vitolewe."

"Haya. Nitasubiri."

Akasubiri. Baadaye nilikuja kusikia kuwa aliwaambia wenzake wa Feri asihangaike mtu kumtafutia mganga, Sofia wake atamtazama. Mimi nilimwona anakonda, nilimwona anashika kiuno akipanda ngazi za baraza, na kila nilipotaka kusema neno nilijiambia wiki ijayo. Ilipita miezi minne.

Ndipo Sista Agnesi akarudi kukagua. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, Sista."

"Kuna mwanamke umemrudisha?"

Nikamtaja Bi Tatu. Sista alivua saa yake, akaanza kuburuta magunia kwenda uani, na nguo yake nyeupe ile. Tulimsaidia. Kisha akanituma nikamlete Bi Tatu kutoka Feri. Alipolala kitandani, Sista alishika taa, akaniambia nitazame mimi mwenyewe. Nikatazama. Shingo ya kizazi sikuiona. Niliona kidonda kimeumuka, kinatoa damu kwa kuguswa tu.

Nje, ukutani, Sista Agnesi aliniambia maneno machache. "Miezi minne iliyopita pengine kilikuwa kidogo. Pengine angepona. Sijui, na wewe hutajua. Nisikudanganye kwamba utasahau."

Nilimpeleka Upanga mwenyewe. Daktari alimpima, akaniita kando, akasema imeshasambaa, hakuna cha kukata. Tukarudi Mchafukoge. Nilimuuguza miezi iliyobaki: nikamwosha, nikambadilisha vitambaa, nikachoma ubani maana harufu ilikuwa kali, na wapangaji wawili walihama kwa sababu ya harufu hiyo. Yeye alisikia wakifunga mizigo. Aligeukia ukuta.

Mchana mmoja, nikimnywesha uji, akaniuliza, "Sofia, kile chumba. Siku zile kilikuwa na vitu gani?"

Aliuliza hivihivi tu, bila hasira. Na mimi nikamjibu, "Dawa, mama. Kilijaa dawa."

"Aa," akasema. "Basi si kitu. Dawa lazima ziwe na pahala pa kukaa. Zitasaidia watu."

Akanishika mkono akanisamehe, mwanangu. Akanisamehe kosa ambalo sikulifanya, na nililolifanya hakulijua. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia kweli kabla hajafa. Sikumwambia. Msibani wanawake wa Feri walinikumbatia, wakasema Mungu atanilipa kwa nilivyomlea. Nililia, wakadhani ni uchungu wa kufiwa.

Sista Agnesi hakunifukuza kazi, aliniachia chumba niendelee nacho. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Wapo wanawake niliowawahi, wamezeeka, wananiamkia njiani na wajukuu zao. Nafurahi kuwaona. Lakini hawanitolei Bi Tatu moyoni, na sasa nimeacha kungoja wamtoe.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi ulilalamika, mwanangu. Umepangiwa zahanati, umeambiwa uandae chumba cha kuwapima akina mama kansa, ukasema wamekuongezea kazi juu ya kazi. Ni kweli wamekuongezea. Kiandae hata hivyo. Hakikisha kitanda kipo, pazia lipo, taa inawaka, vyombo vimechemshwa kabla mama wa kwanza hajaingia. Mtu akikuomba uweke kitu chake humo, mkatalie, hata awe bosi wako, na usipokee zawadi yake. Mwanamke akikunong'oneza benchini, usimjibu kwa sauti, na usimpe vidonge umuage. Inuka naye, mkaingie ndani, umtazame siku hiyohiyo. Ukimpeleka hospitali kubwa, mfuatilie ujue kama alifika. Na ukikosea, kwa maana utakosea, mwambie mwenyewe angali hai. Mimi nilichelewa kumtazama, kisha nikachelewa kumwambia, na hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mapema na ulimi usiokwepa. Akina mama watakaoingia kwako wakiwa na hofu, watoke wakiwa na umri mrefu wa kuishi. Nawe akulinde, ufike uzee wako ukilala usingizi, jambo ambalo mimi sikujaliwa. Amina.